Ukifika Brussels kwa meli ya mtoni, panda tramu hadi Tervuren

WAZEE wetu wanaokwenda Ulaya kuwatembelea watoto na wajukuu siku hizi hupelekwa pia kwenye safari za meli za mtoni. Mtoto anayefanya kazi Brussels, Antwerp au Rotterdam humlipia mama yake wiki moja majini, na kampuni ya utalii hubeba mengine yote: chumba, chakula, mwongozaji, basi la kuzungukia mjini. Ni zawadi nzuri, wala siipingi. Ila nimeona jinsi safari hizi zinavyoendeshwa nchini Ubelgiji, na nina la kusema kuhusu kinachoachwa nje ya ratiba, maana kinachoachwa kinatuhusu sisi kuliko abiria mwingine yeyote melini.

Vipeperushi vya kampuni hizo huitaja Brussels kama mwanzo au mwisho wa safari, hasa safari za Aprili na Mei wakati maua ya tulipu yanapochanua Uholanzi. Lakini mgeni anaweza kuzunguka uwanja wa Grand-Place mchana kutwa asiuone mto wowote. Mto upo chini ya miguu yake. Unaitwa Senne, na ndio uliouzaa mji huu. Kufikia katikati ya karne ya 19 ulikuwa umegeuka mtaro wa uchafu wa viwanda na vyoo vya maelfu ya nyumba. Kipindupindu cha mwaka 1866 kilipoua watu kwa maelfu, meya Jules Anspach alipata hoja aliyoihitaji. Kuanzia 1867 hadi 1871 mto ulifunikwa kwa kuta na dari za matofali, mitaa ya maskini iliyokuwa kando yake ikavunjwa, na juu yake zikapita barabara pana za maduka. Mojawapo ina jina lake hadi leo.

Kwa hiyo meli ya watalii haiji Brussels kwa mto, inakuja kwa mfereji. Karne tatu kabla ya Anspach, wafanyabiashara wa mji walikuwa wamekwisha kuuchoka Senne. Ulikuwa unapindapinda, unajaa mchanga, na kila shehena iliyopita Mechelen ilitozwa ushuru na mji huo. Brussels ikaamua kuchimba njia yake. Kazi ilianza 1550 na mfereji ukafunguliwa Oktoba 1561, urefu wa kilomita 28 hivi, ukaunganisha mji na Mto Rupel, na kupitia Rupel ukafika Mto Scheldt na Bahari ya Kaskazini. Umepanuliwa mara kadhaa tangu hapo, lakini ndio njia yenyewe.

Meli za mtoni si yale majumba yaeleayo yanayofunga gati Mombasa na Zanzibar na watalii maelfu. Nyingi zina urefu wa mita 110 au 135 na upana usiofika mita 12, kwa sababu ndivyo yalivyo malango ya maji kwenye mfereji unaounganisha mito ya Rhine, Main na Danube: mita 12, basi. Abiria ni kati ya 100 na 190. Chumba cha usukani hushushwa meli inapopita chini ya daraja, na abiria walioko juu huambiwa wakae chini. Kila asubuhi unaamkia mji mwingine bila kufungasha sanduku, na hilo ndilo linalowapendeza watu wazima.

Msomaji wa Kigoma ana sababu yake ya kuziangalia meli hizi. Sehemu kubwa ya meli ndefu za kampuni ya Viking, mojawapo ya kampuni kubwa za safari hizi, ziliundwa kwenye karakana ya Neptun Werft mjini Rostock, ambayo ni ya kundi la Meyer. Ni Meyer haohao wa Papenburg, mji ulio kando ya Mto Ems, walioiunda meli ya Graf von Götzen mwaka 1913. Waliifungua vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata, majeshi ya Wabelgiji yalipoukaribia mji kutoka Kongo, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vizazi vya watu wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu vimesafiri ndani ya kazi ya mafundi hao. Mtu wa ziwa akipanda meli ya Rhine hana haja ya kujiona mgeni.

Safari niliyoifuata ilipanda kutoka Antwerp. Meli hufunga gati karibu na ngome ya kale ya Het Steen, na ndani ya saa moja mwongozaji anakuwa ameshawafikisha watu kwenye uwanja mkuu wa mji, mbele ya sanamu ya Brabo iliyowekwa mwaka 1887. Hadithi yake ni kwamba jitu lililoitwa Antigoon liliwakata mkono mabaharia walioshindwa kulipa ushuru wa mto, na Brabo akalikata mkono jitu hilo na kuutupa majini. Madukani wanauza biskuti na chokoleti zenye umbo la kiganja. Hadithi ni ya zamani sana na haina uhusiano na Kongo, na ni haki kulisema hilo. Lakini mtu aliyesoma habari za mpira uliogemwa Kongo, wakati askari wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji walipotakiwa kuleta viganja vya waliouawa kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure, hawezi kuzitazama biskuti hizo kwa jicho la Mbelgiji.

Na ni gati za Antwerp hizihizi zilizotoa habari hiyo nje. Mwishoni mwa karne ya 19, Edmund Morel alikuwa karani kijana wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, na kazi yake ilimleta hapa mara kwa mara kukagua shehena. Aliona meli za Kongo zikishusha mpira na pembe za ndovu zenye thamani kubwa. Alipoangalia zilichobeba kurudi, akakuta bunduki, risasi na maafisa, na bidhaa za kuuzia wenyeji zilikuwa kidogo mno. Hesabu yenyewe ikamweleza kwamba wanaotoa mpira hawalipwi kitu, kwa hiyo wanalazimishwa. Aliacha kazi mwaka 1901, akaandika na kuhutubia bila kuchoka, na kelele zile zilichangia kumlazimisha Leopold aikabidhi Kongo kwa taifa la Ubelgiji mwaka 1908. Karani mmoja, vitabu vya mizigo, na gati. Ingekuwa mimi ndiye mwongozaji, ningesimama hapo nusu saa na kuacha duka la almasi kwa siku nyingine.

Kutoka Antwerp meli inaupanda Scheldt kidogo kisha inaingia mferejini kwenye lango la Wintam. Lango la pili liko Zemst, na hapo nawashauri wasafiri waache chai ndani wapande juu. Meli inaingia polepole kwenye chumba cha zege chenye milango mizito mbele na nyuma. Kando yetu kulikuwa na tishari la mizigo lililobeba mchanga, na mke wa nahodha wake alikuwa akianika nguo nyuma ya usukani. Baharia wetu alitupa kamba, akaizungusha kwenye nguzo ya chuma ukutani, akaishika bila kuifunga, kwa sababu meli itapanda na kamba lazima ifuate. Ukuta ulikuwa wa kijani kwa ukoga, unachuruzika. Mlango wa nyuma ukafungwa, maji yakaanza kuchemka kutoka chini, na ukuta ule mrefu ukazidi kuwa mfupi. Baharia alikuwa akiilegeza kamba na kuivuta tena, macho kwenye maji tu. Baada ya muda nilikuwa natazama nyasi na baiskeli zilizokuwa juu ya kichwa changu tulipoingia. Abiria walipiga makofi. Mlango wa mbele ukafunguka, na mfereji ukaendelea, ngazi moja juu zaidi.

Baada ya Vilvoorde, kulia kwako, viko vitongoji vya kaskazini mwa Brussels, na nyuma ya miti kuna Laeken, makazi ya familia ya kifalme. Leopold wa Pili aliishi hapo na kufia hapo mwaka 1909. Aliagiza majumba makubwa ya vioo na chuma ya kuoteshea mimea ya nchi za joto, yaliyochorwa na Alphonse Balat, na moja lina jina la Kongo. Hufunguliwa kwa umma wiki chache tu za majira ya kuchipua, wakati uleule wa safari za tulipu, na kampuni nyingi huyaweka kwenye ratiba yakiwa wazi. Ni mahali pazuri kweli. Mwongozaji niliyemsikia alieleza vizuri habari za chuma, vioo na Balat, akamaliza, akatuambia basi linasubiri.

Meli hufunga Neder-Over-Heembeek, eneo la bandari mbali na katikati ya mji, na nyingine haziji kabisa. Hubaki Antwerp na abiria huletwa Brussels kwa basi. Ratiba ya mji ni nusu siku. Grand-Place, kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, Atomium ya maonyesho ya mwaka 1958 ikionekana kupitia dirisha la basi, chokoleti, kurudi melini.

Kabla sijaeleza ningekupeleka wapi, niseme la fedha, kwa sababu safari hizi zinagharimu maelfu ya euro na wengi hulipa miezi mingi kabla. Sheria inayomlinda mnunuzi ilitungwa humuhumu Brussels, ni ya mwaka 2015 na inatumika tangu Julai 2018. Inasema kwamba ukinunua usafiri, malazi na ziara kwa pamoja, kampuni iliyokuuzia ndiyo inayobeba dhamana ya vyote, hata basi likiwa la mtu mwingine. Ikitaka kukupandishia bei kwa zaidi ya asilimia 8, una haki ya kujitoa bila faini, na siku 20 za mwisho kabla ya safari haiwezi kupandisha hata senti. Ikivunja safari yenyewe, irudishe fedha ndani ya siku 14. Na lazima iwe na dhamana ya kufilisika. Kampuni ya Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019, wateja wa tawi lake la Ubelgiji walifidiwa na mfuko wa dhamana wa nchi hiyo.

Angalia lakini: ulinzi huo unafuata kampuni zinazouza Ulaya. Ukinunua kwa wakala wa Nairobi au Dar es Salaam, muulize kwa maandishi ni kampuni gani hasa unayofunga nayo mkataba, imesajiliwa nchi gani, na nani ameshika dhamana. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu usimpe fedha yako.

Soma pia kipengele cha kina cha maji. Agosti 2022 kipimo cha Kaub kwenye Rhine kilishuka chini ya sentimita 40, na mwaka huohuo Danube ilikauka kiasi cha kuonyesha mabaki ya meli za kivita za Wajerumani karibu na Prahovo, Serbia. Mto ukikauka, kampuni hukuhamisha kwa basi kutoka meli moja hadi nyingine, au wiki yako ya majini inageuka wiki ya barabarani. Mikataba mingi inairuhusu kubadilisha njia. Mabadiliko makubwa yakitangazwa kabla hujaondoka, sheria inakupa nafasi ya kujitoa na kurudishiwa chako, na usikubali kuambiwa vinginevyo. Mfereji wa Brussels hauna shida hiyo sana, kwa kuwa maji yake yanashikiliwa na malango.

Kwa wenye wazazi: uliza kama lifti ya meli inafika juu kabisa, maana nyingi hazifiki huko. Uliza pia kuhusu kufunga ubavu kwa ubavu. Gati zikijaa, meli mbili tatu hufungwa pamoja, na bibi yako atapita ndani ya meli ya wengine, ngazi kwa ngazi, ndipo afike nchi kavu. Viza ya Schengen huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Na anayechagua Danube akumbuke kuwa Serbia haimo Schengen, kwa hiyo aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atakwama njiani.

Sasa Tervuren. Siku uliyopewa Brussels, omba ruhusa kwa mwongozaji, shika njia yako. Nenda kituo cha Montgomery, panda tramu namba 44, kaa hadi mwisho. Inapita kando ya barabara kuu iliyokatwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, kisha inaingia msituni. Maonyesho yale yalikuwa na sehemu ya mjini na sehemu ya Tervuren, na ya Tervuren ilikuwa ya Kongo. Leopold aliletewa Wakongo 267 kwa meli hadi Antwerp. Walikalishwa mchana kwenye vijiji vya maonyesho kando ya mabwawa ya bustani, wakapiga makasia kwenye mitumbwi mbele ya watazamaji zaidi ya milioni moja. Kiangazi kile kilikuwa cha baridi na mvua. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Mabwawa yapo hadi leo, na Jumapili familia huzunguka hapo na watoto wao.

Jumba la Makumbusho ya Afrika ya Kati lililozaliwa na maonyesho hayo lilifungwa kwa ukarabati mwaka 2013 na kufunguliwa tena Desemba 2018. Unaingilia kwenye jengo jipya la vioo, unashuka chini ya ardhi, na kwenye ujia mrefu mweupe kitu kikubwa unachokutana nacho ni mtumbwi. Ni mti mmoja uliochongwa, urefu mita 22 na nusu, uzito wa tani tatu na nusu. Umetengenezwa na Walengola, watu wa upande wa Ubundu, juu ya Kisangani, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mto. Mwaka 1957 Leopold wa Tatu, mfalme aliyekuwa amekwisha kuacha kiti, alipitishwa nao kwenye Mto Kongo. Ukiukaribia unaona makovu ya tezo yamepangana kutoka tezi hadi omo, kila kovu pana kama kiganja, na hakuna mahali fundi alipokosea unene wa ubavu. Nimetembea kando yake kutoka mwisho hadi mwisho mara mbili. Mtu aliyeletwa Brussels na meli ya mita 135 anastahili kukiona chombo hiki cha mtoni pia, maana kilibeba watu wapatao mia moja kwa makasia.

Juu, kwenye jengo la zamani, kuna ukuta ulioandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo siku za mwanzo. Jina la Mkongo hata moja halikuwamo. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa hakuugusa ukuta. Aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili, ili jua likiwaka vivuli vya majina hayo vipite juu ya majina ya Wabelgiji. Ukienda siku ya mawingu hutaviona ukutani, itakubidi uyasome majina kwenye kioo.

Makaburi yao yako hatua chache kutoka hapo, kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane katikati ya mji mdogo wa Tervuren, saba kwa mstari, na hakuna kiingilio. Ukirudi mjini na njaa, shuka tramu Montgomery, panda metro hadi Porte de Namur uende Matonge, mtaa wenye jina la Matonge ya Kinshasa. Utapata samaki, pondu na mtu wa Bukavu au Uvira wa kuzungumza naye Kiswahili, na karibu hapo kuna uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018.

Asiye na maelfu ya kulipia meli ya wiki asijione ametengwa. Msimu wa joto kuna boti ya abiria, Waterbus, inayokwenda kati ya katikati ya Brussels na Vilvoorde kwa nauli ndogo, kwenye mfereji uleule.

Ombi langu ni kwa mawakala wetu wa safari, wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma, wanaouza ratiba za kampuni za Ulaya kama zilivyo. Mteja wenu ana haki ya kuuliza ratiba ibadilishwe, na kundi la watu kumi au kumi na tano likiomba basi la kwenda Tervuren badala ya duka la chokoleti, kampuni husikia. Ombeni mapema, na liandikwe kwenye mkataba. Jumba hilo hufungwa Jumatatu, kwa hiyo hesabuni siku vizuri kabla ya kulipa.